Kanisa Chini ya Jabali
Mhadhara juu ya Kanisa la Mtakatifu Leonard, St Leonards-on-Sea



Niliombwa nizungumzie majengo ya ibada ya pwani katika zama zetu. Wengi mlitarajia nianze na kanisa la Mkunazini, Unguja, na huko nitafika. Lakini leo nawapeleka mbali, kwenye kanisa la Kianglikana lililopo kusini mwa Uingereza, ufukweni kabisa, upande wa magharibi wa mji wa Hastings. Mtaa huo unaitwa St Leonards-on-Sea, na kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Leonard. Nimelichagua kwa sababu liko mahali ambapo mtu wa pwani yoyote atapatambua: mbele bahari, nyuma jabali, katikati ukanda mwembamba wa ardhi ambao kila mmoja anautaka. Waliolijenga waliijibu bahari kwa ustadi ambao mimi nausifu bila kusita. Jabali walilijibu nusu tu, na hilo nalo inafaa tuliseme.

Tuanze na aliyeufanya ufukwe huo kuwa mji. James Burton alikuwa mjenzi wa London, tajiri, aliyekwisha kujenga sehemu kubwa ya Bloomsbury na majumba ya kando ya Regent's Park. Mwaka 1828, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, alinunua shamba la ufukweni karibu na Hastings akaanza kujenga mji mpya kutoka mwanzo: hoteli, safu za nyumba zinazotazama maji, bustani, ukumbi wa dansi, soko. Mwanawe Decimus, msanifu aliyejulikana kuliko baba, aliuendeleza. Wakati ule matajiri wa Uingereza walikuwa wameambiwa na madaktari wao kwamba hewa ya bahari na maji ya chumvi ni dawa, na miji ya namna hiyo ilichipuka pwani nzima ya kusini. Mji wa watu wenye heshima zao haukuweza kukosa kanisa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1831, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1834. Burton alifariki mwaka 1837, akazikwa huko huko St Leonards chini ya kaburi la umbo la piramidi, ambalo bado lipo.

Kanisa lile la kwanza halikuwa na jambo kubwa la kutusimulia kwa upande wa usanifu. Lilikuwa la mtindo wa Kigothi uliopunguzwa mapambo, kama mamia mengine ya miaka ile. Jambo la kuangalia ni kiwanja chake. Burton alikuwa amejaza ufukwe kwa nyumba za kupangisha, na kanisa likapewa nafasi iliyobaki, mgongo wake ukiwa umeegemezwa kwenye jabali. Nawaomba mlishike hilo, kwa kuwa miaka 100 na ushei baadaye wajenzi wa pili walirudi palepale.

Kilichowarudisha ni vita. Mwezi Juni 1944 Wajerumani walianza kurusha kutoka pwani ya Ufaransa bomu jipya lisilo na rubani, V-1. Lilikuwa kama ndege ndogo yenye injini ya kelele nyingi, likibeba baruti za kilo 850 hivi, na lilikusudiwa London. Mwanzoni mizinga ya kulidungua ilipangwa karibu na jiji. Katikati ya Julai wakuu wa jeshi waliamua kuihamishia yote kwenye pwani ya Sussex na Kent, ili mabomu yaangushwe baharini kabla hayajafika kwenye nyumba za watu. Hesabu ile ilikuwa sahihi, na iliokoa roho nyingi za London. Lakini bomu lililojeruhiwa huanguka linapotaka, na yapo yaliyoanguka ufukweni badala ya majini. Usiku wa Jumamosi, tarehe 29 Julai 1944, moja lilianguka mbele ya Kanisa la Mtakatifu Leonard. Mnara ulibomoka, na kilichobaki hakikufaa kukarabatiwa.

Hapa pana jina moja ambalo nisingependa lipite kimya. Sussex iko chini ya Dayosisi ya Chichester, na askofu wake tangu 1929 hadi 1958 alikuwa George Bell. Mwezi Februari 1944, miezi michache kabla ya bomu hilo, Bell alisimama katika Baraza la Makabaila akaipinga serikali yake mwenyewe waziwazi kwa kupiga mabomu miji mizima ya Ujerumani pamoja na raia wake. Hakupendwa kwa maneno hayo. Kisha kanisa la dayosisi yake mwenyewe likavunjwa na bomu la Ujerumani. Bell huyo huyo ndiye aliyekuwa akihimiza kwa miaka mingi kwamba Kanisa lirudishe urafiki wake na wasanii wa wakati wake. Wakati wa vita aliwaruhusu wachoraji Duncan Grant na Vanessa Bell kupaka picha kuta za kanisa la kijiji cha Berwick, humo humo Sussex, ingawa wapo waumini waliolalamika. Kwa hiyo kanisa letu lilipojengwa upya, lilijengwa katika dayosisi ambayo neno “kisasa” lilikuwa limekwisha kuingizwa mlangoni na askofu.

Kazi walipewa ndugu wawili, Giles na Adrian Gilbert Scott. Giles ndiye maarufu. Alishinda shindano la kusanifu Kanisa Kuu la Kianglikana la Liverpool mwaka 1903 akiwa na miaka 22, na kazi hiyo ilimchukua maisha yake yote. Yeye ndiye aliyebuni kile kibanda chekundu cha simu ambacho watu wengi duniani wanakitambua kuwa ni Uingereza, akasanifu kituo cha umeme cha Bankside ambacho leo ni jumba la sanaa la Tate Modern, na baada ya vita akaujenga upya ukumbi wa Bunge la Makabwela uliokuwa umepigwa bomu, akisaidiwa na Adrian. Wote wawili walikuwa Wakatoliki, na Waanglikana hawakuona shida kuwakabidhi makanisa yao.

Adrian, mdogo wake, hatajwi sana, na mimi naona anadhulumiwa. Sisi Waafrika tuna sababu ya kumkumbuka: alisanifu Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Cairo, kando ya Mto Nile, lililowekwa wakfu mwaka 1938 na kubomolewa mwaka 1978 kupisha daraja. Na baada ya vita, katika kanisa la Kikatoliki la Poplar, mashariki mwa London, alikuwa amejaribu umbo la tao ambalo halikuwa la Kigothi wala la Kirumi. Tao hilo ndilo alilolileta ufukweni.

Ujenzi ulianza mwaka 1953 na kumalizika mwaka 1961, mnara ukiwa wa mwisho. Miaka ya mwanzo Uingereza ilikuwa bado inajenga kwa vibali, na chuma na mbao zilikuwa za kugombaniwa. Giles alifariki mwaka 1960, kazi ikiwa inaelekea ukingoni.

Nje, ukisimama barabarani na bahari mgongoni mwako, unaona mnara mpana uliovikwa mawe, mistari yake imenyooka, mapambo machache. Haujaribu kushindana na jabali kwa urefu. Kidogo tu kutoka hapo lipo jengo la ghorofa la Marina Court, la mwaka 1938, lililobuniwa lifanane na meli kubwa ya abiria, jeupe, lenye roshani kama sitaha. Na kwenye ukingo wa maji kuna njia ya wapita miguu, iliyojengwa kwa zege katika miaka ya 1930 na mhandisi wa mji, Sidney Little, ambaye alipachika vipande vya chupa zilizovunjika kwenye ukuta wake mpaka ukameremeta rangi. Nataja haya ili ijulikane kwamba ufukwe ule ulikuwa umeshazoea usasa kabla kanisa halijafika. Kanisa ndilo lililokuwa la mwisho kuingia, na liliingia kwa upole.

Ndani ndiko kwenye kazi. Matao marefu yanapanda kutoka karibu na sakafu, yanajikunja polepole, na kukutana juu bila ncha. Hakuna pale unapoweza kuweka kidole ukasema ukuta umeishia hapa na paa limeanzia hapa. Wanafunzi, mtaniuliza umbo hili limetoka wapi. Shika mkufu kwa ncha zake mbili uuache uning'inie. Kila pete ya mkufu inavutwa tu, hakuna inayokunjwa. Mkufu umejitafutia wenyewe mstari ambao uzito unapita bila kuusumbua. Sasa ugeuze mstari huo juu chini, uujenge kwa tofali au zege. Kilichokuwa kinavutwa sasa kinasukumwa, na kila tofali linabanwa na jirani yake bila kukunjwa. Robert Hooke, mwanasayansi wa Kiingereza, alilitambua jambo hili katika miaka ya 1670. Wanahisabati watanirekebisha kwamba mstari wa mkufu unaobeba uzito wake tu, na ule wa mkufu uliotundikwa mzigo uliosambaa sawasawa kwa ulalo, si mstari mmoja. Huo wa pili ndio parabola. Ni kweli, ingawa kwa macho ya muumini aliyeketi kwenye benchi tofauti ni ndogo mno.

Wajenzi wa kale walilifikia umbo hilo kwa mikono kabla ya hesabu. Tao kuu la Ctesiphon, kusini ya Baghdad, lenye urefu wa mita 37 hivi kwenda juu, ni la tofali tupu, na bado limesimama. Kwa hiyo anayesema matao ya Mtakatifu Leonard ni fasheni ya miaka ya 1950 hajatazama vizuri. Ni umbo la zamani kuliko Gothi, lililorudishwa na watu waliokuwa na zana za kulikokotoa.

Tao la nusu duara lingehitaji kuta nene za kulizuia lisitanuke miguu, na tao la Kigothi lingehitaji mihimili ya nje ya kuliegemeza. Tao la namna hii linateremsha sehemu kubwa ya uzito wake moja kwa moja kuelekea chini, kwenye msingi. Kiwanja kikiwa chembamba, kimebanwa na jabali, huna nafasi ya kupanga mihimili ya nje. Nadhani Adrian alipoona kiwanja alijua umbo lake limepata mahali pake. Ila angalieni pia linadai nini. Tao linaloshusha mzigo hivyo kwenye msingi linaitegemea ardhi kuliko mengine.

Sasa jambo la pili, ambalo mimi naliona ndilo roho ya jengo hili. Kanisa huingiwa kutoka upande wa bahari na limeelekezwa kwenye jabali, kwa hiyo waumini walipoketi, bahari ilikuwa nyuma yao. Kanisa la ufukweni ambalo ndani yake bahari haionekani! Wasanifu wa leo wangeweka kioo kikubwa nyuma ya madhabahu, na kila mtu angeyatazama mawimbi badala ya kusali. Hawa walifanya jambo gumu zaidi. Waliiingiza bahari ndani kwa vyombo vya kazi yake.

Tazameni mimbari. Ni omo ya mashua. Simaanishi kwamba imechongwa michoro ya mashua ubavuni. Ni omo yenyewe, mbao zimepindwa na kukutana mbele kama zinavyokutana kwenye dau, imeelekezwa kwa waumini kana kwamba chombo kinaingia bandarini. Kasisi wa kanisa hilo wakati huo alikuwa Cuthbert Griffiths, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia ndotoni: Kristo akihubiri kutoka mashuani, watu wakiwa ufukweni. Wasomaji wa Injili ya Luka mnaikumbuka habari hiyo katika sura ya tano, pale Yesu alipoomba chombo cha Simoni kisogezwe kidogo kutoka nchi kavu, akaketi akafundisha. Griffiths hakutosheka na seremala wa Sussex. Omo iliundwa kwenye ufuo wa Bahari ya Galilaya, kwa mtindo wa mashua za wavuvi wa huko, ikasafirishwa hadi Uingereza. Aliyehubiri humo alisimama mahali ambapo baharia husimama akiangalia mwamba.

Upande wa pili ipo meza ya kusomea Maandiko, nayo imeundwa kwa mfano wa kasha la dira ya meli, lile ambalo mshika usukani hulitazama usiku kucha. Sakafuni, kwenye marumaru, wamo samaki.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: je, huu si mchezo wa kuigiza? Mashua kanisani, dira kanisani? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni hapana, kwa sababu moja. Hastings ni mji wa wavuvi wanaosukuma mashua kutoka kwenye changarawe za ufukwe, kwa kuwa hawana bandari ya kufungia. Wanafanya hivyo hadi leo. Mtu wa namna hiyo hawezi kudanganywa na omo ya maonyesho. Akiiona mbao haikukunjwa ipasavyo atajua siku hiyo hiyo. Kuweka chombo chake pale ambapo Neno linasomwa ni kumwambia kwamba kazi ya mikono yake inajulikana. Sisi wa pwani hii tuna mafundi wa majahazi wanaojua taruma na mkuku kwa kupapasa, na makanisa yetu mengi yana mimbari za mbao zilizonakiliwa kutoka vitabu vya picha vya Ulaya. Hilo linanisikitisha.

Mkunazini sasa, kwa kifupi. Jiwe la msingi la Kanisa la Kristo liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mwaka ule ule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, akalijenga pale pale lilipokuwa soko, kwenye ardhi tepetepe iliyopakana na mkono wa bahari. Paa alilolijenga ni kuba refu la mawe ya matumbawe na saruji ya Portland, bila boriti. Saruji ile ilikuwa kitu kipya kwa makanisa popote duniani, si Unguja tu. Kwa hiyo ukiniuliza kanisa la kisasa la pwani lilianza wapi, sitakutajia Sussex. Na Steere hakuwa msanifu. Alikuwa mwanasheria kwa elimu, mtu wa lugha, aliyesimamia mafundi wake kila siku. Amezikwa nyuma ya madhabahu. Ninachokiona katika majengo haya mawili ni wajenzi waliochukua vitu vya mahali, matumbawe huku na mashua kule, na kuvibebesha kazi ya ibada bila aibu.

Narudi kwenye jabali, kwa kuwa nililiahidi.

Majabali ya Hastings ni tabaka za mawe ya mchanga zilizopishana na udongo wa mfinyanzi. Jiwe la mchanga hupitisha maji, mfinyanzi huyazuia. Mvua ya majira ya baridi hupenya kutoka juu, inashuka mpaka inapokutana na mfinyanzi, inatuama hapo, na tabaka la juu linapata mahali pa kuteleza. Zamani mawimbi yalikuwa yakila miguu ya jabali. Siku hizi ukuta wa bahari unayazuia. Lakini ukuta wa bahari hauna la kufanya na maji yanayotoka nyuma. Tangu siku za Burton ardhi ile haijatulia, na jengo la pili lilirudishwa kwenye kiwanja kile kile cha la kwanza, likiwa zito zaidi.

Naelewa kwa nini. Kiwanja kilikuwa mali ya kanisa, kumbukumbu za watu zilikuwa pale, wafu waliombewa pale. Nani angesimama mbele ya waumini waliopoteza kanisa lao vitani akawaambia wahamie kwingine? Hata hivyo, ardhi haikuangalia huzuni hiyo. Jengo limo katika orodha ya majengo ya kihistoria ya Uingereza, daraja la pili, hivyo haliwezi kubomolewa wala kubadilishwa kiholela. Ila orodha hailipi gharama ya kushikilia jabali. Kusogea kwa ardhi na gharama za matengenezo vikawazidi nguvu waumini waliokuwa wakipungua, na katika karne hii milango ikafungwa kwa ibada za kawaida. Matao ya Adrian yamefanya kila yaliloombwa. Kilichoshindwa ni kile ambacho hakikuwa kwenye michoro yake mizuri: maji yanayopita chini kwa chini, nyuma ya ukuta, mahali ambapo muumini hafiki.

Kama mngeniomba hukumu, ningesema hivi. Kwa upande wa sanaa, Kanisa la Mtakatifu Leonard ni mojawapo ya makanisa bora ya Kianglikana yaliyojengwa ufukweni baada ya vita, na linastahili kutajwa darasani pamoja na Kanisa Kuu la Coventry, ambalo husifiwa na kila kitabu. Kwa upande wa kiwanja, waliolirudisha pale walifanya kosa, na waliorithi jengo wamelilipia.

Sasa nawageukia ninyi wajumbe wa kamati za majengo, wa makanisa na wa misikiti pia, kuanzia Lamu mpaka Mtwara. Wengi wenu mnachangisha fedha wakati huu kwa ajili ya mnara, au vigae, au spika mpya. Nawasihi, kabla ya hayo yote, tokeni nje siku ya mvua kubwa na mwavuli wenu, mzunguke jengo, mtazame maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Chimbeni mfereji. Zibueni uliopo. Mwiteni mtu wa udongo apime kabla fundi hajamwaga zege. Wekeni daftari la nyufa, kila ufa na tarehe yake na upana wake, na mrithi wenu alikute kabatini. Na ninyi wanafunzi, kazi hiyo ya daftari msione haya kuifanya bure kuanzia mwezi ujao. Majengo yako tele, na wazee wanaoyatunza watawapokea.